Rafiki yangu alirudi kurusha ndege baada ya pombe, mimi nikawa shahidi wake

Kuna swali naulizwa sana hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hasa na hawa vijana wa juzi wenye masaa mia mbili kwenye logibuku na maneno mengi, eti yule mzee aliyekuwa mlevi ni nani alimrudisha angani, na kama mimi mwenyewe naweza kuruhusu mke wangu na watoto wapande ndege yake. Jibu ni ndio na walishapanda, tulienda Maasai Mara Desemba na yeye ndio alikuwa kiti cha kushoto, kile cha kapteni. Afadhali yeye kuliko wengi ninaowajua, na sababu ni moja tu, yeye najua damu yake ilisema nini kwenye kipimo cha pombe mwezi uliopita. Wewe sijui. Na wewe pia yangu huijui.

Ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina, kwa hivyo ntamuita tu Kapteni. Mimi nilikuwa rubani mwenza kwenye mpango wake wa kurudi, yaani kazi yangu ni kuonana naye uso kwa uso, kuongea naye kila wiki, na kumuandikia daktari ripoti ya venye namuona. Silipwi kitu. Mkuu wa marubani alinichagua kwa sababu tulisomea urubani pamoja na kwa sababu, maneno yake haya, mimi ni mkaidi na sidanganyiki na machozi.

Sasa watu wengi wakisikia rubani mlevi wanapiga picha ya mtu anapepesuka kwenye ngazi ya ndege akiwa amebeba chupa. Huyo akiwepo anashikwa siku ya kwanza, hana shida. Kapteni hakuwahi kuonekana hivyo hata siku moja, kutua kwake kulikuwa safi, maelezo yake ya kabla ya safari yalikuwa safi, shati limepigwa pasi, na hapo ndipo mtego ulipo maanake kwa rubani kazi ndio kitu cha mwisho kuharibika. Anailinda kazi kuliko kila kitu, ndio inamlipa na ndio inamfanya ajione mtu, kwa hivyo ukiona pombe imeshafika hadi kazini ujue nyumbani kuliungua kitambo na majirani walishanusa moshi. Yake ilionekana kwa vitu vidogo vidogo. Kubadilishana ndege za alfajiri na wenzake, kila mara ana sababu nzuri. Kuugua tumbo siku inayofuata ofu. Peremende mfukoni. Mke wake kutupigia simu akiuliza kama tumetua, na sisi tunajua jamaa alishuka saa tisa mchana na sai ni saa nne usiku.

Na hesabu yake alikuwa nayo, kila mlevi mwenye akili ana hesabu. Alikuwa anasema masaa nane, sheria ni masaa nane, mimi naacha saa sita usiku na saa mbili asubuhi niko sawa. Wacha tuifanye hiyo hesabu basi. Ini linapunguza pombe kwenye damu kwa karibu asilimia 0.015 kwa saa, haliongezi spidi ukinywa kahawa, haliongezi ukioga maji baridi, wala ukila supu ya mbuzi pale Burma. Mtu akiacha saa sita usiku akiwa na 0.15, ambayo kwa mnywaji aliyezoea haionekani hata usoni, saa mbili asubuhi bado ana 0.03. Kwa kiwango cha Marekani cha 0.04 anapita kwa unyoya. Kwa kiwango cha Uingereza, miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, ambayo ni 0.02, huyo anaenda korti na anaweza kula hadi miaka miwili jela. Ati mtu mmoja, asubuhi moja, kwingine ni rubani na kwingine ni mhalifu. Na Ulaya tangu 2021 wakaguzi wanapulizisha marubani pale pale kwenye maegesho ya ndege, hata wa ndege za kigeni, kwa hivyo usidhani hiyo ni stori ya wazungu peke yao.

Alafu kuna ile sehemu haimo kwenye hesabu ya masaa nane kabisa. Pombe inaingia hadi ndani ya sikio, kwenye vile viungo vinavyokuambia umelala upande au umenyooka, inabadilisha uzito wa vitu huko ndani, na damu ikishakuwa safi sikio bado linasumbua kwa masaa mengi. Kipimo kinasoma sifuri na wewe bado ukigeuza kichwa ndani ya wingu unahisi ndege inazunguka na haizunguki. Ongeza kwamba Wilson yenyewe iko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari kabla hujaondoka hata ardhini, na pombe inazuia seli kutumia oksijeni vizuri, basi unaanza siku ukiwa na deni.

Tulimkalisha sebuleni kwake jioni moja, mimi, rubani mwingine mzee kuliko sisi, na mama watoto. Kwanza alicheka. Alafu akakasirika akatuuliza kama tunataka kuwanyang'anya watoto wake chakula. Mama watoto hakusema mengi, alisema tu, "Baba Nimo, mimi nimechoka kukupigia simu," akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu ya urafiki na sikuitumia hata nusu, maanake kilichomfungua haikuwa maneno matamu, ilikuwa karatasi. Yule mzee alikuja na ukurasa wa Annex 1 ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hii ndio msingi wa sheria za leseni za marubani dunia nzima na Kenya ikiwemo. Imeandikwa hapo kwamba mtu mwenye matumizi mabaya ya vileo na dawa atambuliwe na aondolewe kwenye kazi za usalama, sawa, hiyo kila mtu anaijua na ndio inafanya watu wafiche. Lakini sentensi inayofuata inasema kurudi kwake kunaweza kufikiriwa baada ya matibabu kufaulu, ikionekana akiendelea na kazi hatahatarisha usalama. Kurudi kumeandikwa. Kapteni aliisoma mara mbili, akaishika hiyo karatasi muda mrefu, alafu akauliza, "Na nani amewahi kurudi?"

Kumbe wapo wengi. Wamarekani wana mpango unaitwa HIMS tangu 1974, ulianzishwa na chama cha marubani chenyewe, ALPA, ukaunganisha daktari, mwajiri, chama na mamlaka ya anga, na maelfu ya marubani wamerudi kupitia huo. Tulimpa stori ya Lyle Prouse, huyo alikuwa kapteni wa Northwest, Machi 1990 alirusha Boeing 727 kutoka Fargo kwenda Minneapolis wote watatu kwenye kokipiti wakiwa wamelewa, wakashikwa wakitua, akaenda jela, akapoteza leseni zote. Akaacha pombe, akaanza leseni upya kutoka chini kabisa, kampuni ile ile ikamrudisha, na alistaafu akiwa kapteni wa 747. Mwaka 2001 rais Clinton akampa msamaha. Mimi nadhani hiyo stori ilifanya kazi kuliko daktari yeyote, maanake Kapteni alisema huyu alifanya mabaya kuliko yangu, na hiyo sentensi, hata kama ilikuwa ya kujitetea, ilimfikisha kwenye gari.

Alikaa kituo cha kurekebisha tabia miezi mitatu, kama kawaida ya vingi vya hapa. Sitasimulia ya ndani, ni yake. Ploti ya Kitengela iliuzwa. Akitoka akaanza mikutano ya AA, ile ya walevi kusaidiana kuacha pombe, kwenye ukumbi wa kanisa moja mjini, na mama yake mzazi kule Murang'a alisikia anaenda AA akadhani ni ile ya kufundisha udereva, akawa anashangaa kwa majirani vile mtu anarusha ndege na gari bado hajui.

Kituo ndio rahisi, na nasema hivyo nikijua wako watakaobisha. Kule ndani hakuna baa, hakuna mshahara, hakuna marafiki. Balaa ni miezi inayofuata, umepona au karibu umepona, medikali yako ya daraja la kwanza, yaani cheti cha afya cha kukuruhusu kurusha, imesimamishwa, na unasubiri. Ripoti ya daktari wa akili, vipimo vya kumbukumbu na umakini vinavyochukua siku nzima, barua ya kituo, barua yangu, barua ya mwajiri, zote ziende kwa daktari wa marubani na yeye azipeleke kwa mamlaka. Haina haraka na sidhani inafaa kuwa na haraka. Lakini jamaa anaishi South C, kila asubuhi anasikia ndege ndogo za Caravan zinaondoka juu ya paa la nyumba yake na anajua sauti ya kila moja, anajua hata nani anaendesha, na saa kumi jioni inafika hana pa kwenda. Hiyo saa kumi ndio ilikuwa inamtisha, aliniambia usiku sio shida, usiku mtu analala.

Kilichomuokoa hapo ni kwamba kampuni, baada ya kuvutana sana, ilikubali afanye kazi ofisi ya operesheni, kupanga rosta, kupiga hesabu ya mafuta na uzito, kuongea na Lodwar na Lokichoggio kuhusu hali ya hewa. Mshahara nusu. Alilalamika, nikamwambia nyamaza upange rosta. Kampuni inayompa mtu barua ya kwenda nyumbani asubiri, na hakuna kingine, hiyo inajidanganya kwamba imemsaidia, imempa saa kumi jioni zote za mwaka bila kitu cha kufanya.

Sasa vipimo, na hapa ndio nilitaka kufika. Watu wanadhani kupimwa ni polisi wa alcoblow kwenye Thika Road, unapuliza unaenda. Hii ilikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni kifaa kidogo cha kupuliza chenye kamera, simu inalia wakati wowote, una dakika chache, unapuliza kinakupiga picha na kutuma na saa. Hiyo inashika pombe ya leo tu. Ya pili ni mkojo, unaitwa asubuhi ufike kliniki siku hiyo hiyo, wanatafuta EtG, ni mabaki ambayo pombe inaacha ikishavunjwa, inaweza kuonekana siku tatu hivi, hata zaidi kama mtu alikunywa sana. Ya tatu ni damu, PEth, hii ni kitu kinachotengenezwa kwenye utando wa seli nyekundu za damu pale tu pombe inapokuwepo, na inakaa wiki mbili hadi nne. Hiyo ndio nondo. Ya kupuliza unaweza kuikwepa kwa ujanja wa masaa, mkojo unaweza kuukwepa ukibahatisha siku, lakini PEth inasimulia mwezi mzima na haina uoga.

Na mambo yanayoweza kukuponza sasa! Alipewa orodha akaibandika jikoni. Ile dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi, hapana. Dawa za kikohozi, soma chupa kwanza, na zile zenye kodeini hata usiziguse. Sanitaiza, usijipake na kunusa siku nzima maanake EtG ni nyeti sana. Miraa na mogoka hapana, watu wa Wilson tunajifanya hatujui na sisi ndio tunapakia hayo magunia kwenda Mogadishu, ndani kuna kathinoni, hicho ni kichangamshi, na sheria haisemi pombe peke yake, inasema vitu vyote vinavyobadilisha akili isipokuwa kahawa na tumbaku. Vidonge vya usingizi pia. Hata divai ya kanisani ilibidi aongee na kasisi wake, akawa anapokea mkate peke yake, na kuna mama mmoja wa kiti cha pili aligundua akatangaza kwa jumuiya nzima kwamba yule amezuiwa kushiriki, sijui ana dhambi gani.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti ya kaka yake, kule kwao. Wazee wamekaa, pembe ya muratina, pombe yetu ya kienyeji, inazunguka, inafika kwake. Kwa Wakikuyu huwezi tu kusema aa-a mimi niko na dayati, hiyo ni ya baraka, ukiikataa unawakatalia wazee na wageni. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nilienda kwa sababu aliniomba niende. Akaipokea kwa mikono miwili, akasimama, akasema kwa heshima wazee wangu mimi daktari amenikataza na naomba mjomba anibarikie kwa niaba yangu, akampa mjomba wake ambaye walikuwa wamepanga tangu asubuhi. Mjomba akanywa yake akanywa na ya mpwa wake, akafurahi sana huyo mzee, nadhani ndiye aliyefaidika na mpango mzima kuliko mtu yeyote. Kilichonigusa si ushujaa, ni kwamba alipanga mapema. Hakungoja pembe ifike ndio aanze kuwaza.

Basi ikaja ile simu. Ameshakaribia kurudishiwa medikali, mtu asiyejitaja akapiga ofisini akasema amemuona Kapteni baa moja huko Lang'ata Ijumaa usiku na chupa mezani. Bila jina, bila picha. Mimi niliitwa Jumatatu asubuhi na ofisi nzima ilishaamua, unajua zile nyuso, watu wanakusalimia wakiangalia simu. Na mke wake pia, nilipompigia, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na mimi nilisikia huo unyamavu. Kapteni hakubisha. Hakuapa kwa watoto, hakulia, hakuuliza ni nani amesema, mambo ambayo zamani angefanya yote matatu kwa dakika moja. Akasema, "Toeni damu."

Wakatoa damu na mkojo siku hiyo. Kifaa cha kupuliza kilikuwa tayari na picha zake mbili za Ijumaa, moja ya jioni na moja ya karibu saa sita usiku, sifuri zote, na kwa picha ya pili nyuma yake inaonekana friji yao na ile orodha imebandikwa. Mkojo ukaja safi. Damu ilichelewa, ilikuwa inatumwa nje, nayo ikaja safi. Mlevi akisema ukweli sauti yake ni ile ile aliyokuwa akidanganya nayo miaka yote, hata akiwa hajanywa mwaka mzima hana neno jipya la kukuambia ambalo hakulitumia zamani. Kwa hivyo wale wanaosema kupima pima mtu ni kumdhalilisha, mimi nawaambia mwacheni huyo mtu apimwe, mkimnyima vipimo mnamwachia maneno peke yake na maneno yake yeye mwenyewe alishayamaliza.

Alirudi na medikali yenye sharti, lazima awe na rubani wa pili kwenye kokipiti. Kwanza mashine ya mazoezi, ile simuleta ya kuigiza ndege, ilimtoa jasho kidogo, mikono ilikuwa na kutu. Alafu safari za kawaida za kampuni akiwa na mkufunzi. Hapo hakuna stori, ilikuwa asubuhi ya kawaida na mizigo ilichelewa.

Sitaki mtu asome hii afikirie kila mtu anarudi. Kulikuwa na mwingine, mdogo wetu, mzuri sana kwa mikono, tulimkalisha vile vile na karatasi ile ile. Yeye alikataa mpango, akasema anaweza kuacha mwenyewe, akajiuzulu kabla hajaripotiwa, akapata kazi nchi jirani ambako hakuna aliyemjua. Mwisho nilisikia harushi tena na si kwa hiari. Sijui kama tulikosea mahali, mimi sioni, nadhani wengine hawataki shahidi. Na hata ndani ya mpango watu huteleza. Tofauti ni kwamba ukiteleza ndani unashikwa ndani ya wiki, ukiwa chini, hujafika kwenye ndege.

Sai tuko na vita vipya na kampuni. Miaka imepita, matokeo yote safi, sasa wahasibu wanasema vipimo vya damu ni ghali na jamaa ameshapona, kwa nini tusiviondoe tubaki na kupuliza peke yake. Kapteni mwenyewe amewaandikia barua anasema wasiviondoe, wapunguze mara kama daktari akikubali lakini damu ibaki, na nusu ya gharama atalipa yeye. Mimi nimeongeza barua yangu nikasema asilipe hata shilingi, maanake siku atakayokosa hiyo nusu ndio siku tutahitaji kipimo, na kwamba majibu yaendelee kwenda kwa daktari, yasianze kupitia ofisi ya wafanyakazi ambako kila karani anasoma. Mkutano uliahirishwa mara ya mwisho kwa sababu mkurugenzi wa fedha alikuwa Mombasa. Tumepewa Alhamisi.